Vibarua wa Intaneti Wasigeuzwe Manamba

Mwezi uliopita mzee mmoja, mkulima wa migomba na kahawa hapa Kibimba, alifika katika ofisi ya tawi akiwa na simu ya mjukuu wake mkononi na jambo zito moyoni. Mwanawe yuko India kwa masomo. Ili kumpeleka huko, mzee aliuza ng'ombe mmoja na kahawa ya misimu miwili. Kijana alipofika, alitafuta riziki ya ziada kwa njia ya intaneti: akapata kibarua cha kusikiliza sauti za watu wasemao Kiswahili na kuziandika neno kwa neno. Alifanya kazi hiyo miezi miwili. Mwezi wa kwanza alilipwa, na mwezi wa pili mlango wa kuingilia kazini ukafungwa bila ya maelezo, na ujira wake ukabaki ndani. Sasa amepata habari ya kazi nyingine, ya "ofisi ya kompyuta" nchini Thailand, yenye mshahara mkubwa, chakula na malazi. Kinachotakiwa ni nauli na ada ya wakala. Mzee alitaka kujua jambo moja tu: "Ndugu zangu, huyu ng'ombe wa pili nimuuze, au nisimuuze?"

Twakiri kwamba siku ile hatukuwa na jibu. Twajua kumshauri mkulima juu ya bei ya kahawa, na twajua kusuluhisha mgogoro wa mpaka wa shamba. Lakini mtoto wa Kibimba aliyeko India, akifanyia kazi kampuni ya Marekani, akilipwa kwa njia ya nchi ya nne, alikuwa ametuzidi kimo. Tulimwomba mzee atupe wiki moja. Tuyaandikayo leo ni matokeo ya wiki hiyo, na tunayatoa hadharani kwa sababu swali la mzee yule si lake peke yake. Kila kata ya Ngara na Biharamulo ina kijana aliyevuka mpaka, na kila kijana aliyevuka ana simu mfukoni.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Katika kazi hii mtu haajiriwi kwa mwezi wala kwa mwaka. Kazi kubwa hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande hutangazwa ili yeyote duniani akitwae: kutafsiri ukurasa mmoja, kuchora nembo ya duka, kuandika maneno ya chini ya picha za sinema, kupanga hesabu za mfanyabiashara, kufundisha lugha kwa saa moja, kuzungushia alama picha elfu za barabara ili mashine ijifunze kutofautisha mtu na mti. Anayeitoa kazi huenda yuko California, anayeipima yuko Manila, na anayeifanya yuko katika chumba cha kupanga mjini Kampala, Kigali au Pune. Kwa lugha yetu ya siku zote hiki ni kibarua. Jina hili tunalitumia kwa makusudi, kwa kuwa majina mapya yanayong'aa huficha mambo ya kale.

Na mambo haya ni ya kale kwetu kuliko wadhanivyo vijana. Wahangaza na Washubi hawakuanza jana kufuata kazi ugenini. Katika enzi ya mkoloni babu zetu walikwenda Buganda kwa miguu kulima pamba na kahawa za wengine, na waliokwenda upande wa mashariki walifika katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kukusanya wafanyakazi, lililojulikana kwa jina la SILABU, likawazoa watu wa mikoa ya mbali na kuwapakia kwenye magari na treni. Kila mtu alipewa namba. Ndiyo maana waliitwa manamba. Ujira ulihesabiwa kwa kipande, karatasi yenye nafasi 30 za kazi. Siku ambayo kazi uliyopimiwa haikukamilika haikuandikwa, na ambaye kipande chake hakikujaa hakuwa na la kudai. Aliyeamua kwamba mstari umelimwa vizuri au vibaya ni nyapara, na neno la nyapara halikuwa na rufaa.

Sasa msomaji alinganishe. Kibarua wa intaneti naye hujulikana kwa namba na neno la siri. Hulipwa kwa kipande. Kazi yake hupimwa na programu ya kompyuta, ambayo ni nyapara asiye na uso wala asiyepokea salamu. Kipande kikikataliwa, kazi imekwenda na ujira haukuja. Tofauti kubwa ni kwamba manamba wa mkonge walikaa kambi moja, wakaonana usiku, wakaelezana bei, na hatimaye wakajenga vyama vya wafanyakazi vilivyoitikisa serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950. Manamba wa leo kila mmoja yuko peke yake na kioo chake. Hamjui mwenzake, na mara nyingi hushindanishwa naye katika kushusha bei.

Hata hivyo tusiwe watu wa kulaani kila kitu kipya. Kazi hii ina heri yake. Humfikia mtu pale alipo. Haimtaki awe na mjomba ofisini. Humpa nafasi mlemavu asiyeweza kupanda daladala na mama mwenye mtoto mchanga. Aidha, vijana wetu wana mtaji ambao wengi hawaujui. Umoja wa Afrika uliikubali lugha ya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwezi Februari 2022, na UNESCO ilikwisha kuitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Wenye mashine zinazosoma na kusema lugha wanakihitaji Kiswahili safi. Tena kijana wa Ngara, kwa sababu Kihangaza kinasikilizana na Kirundi na kiko jirani na Kinyarwanda, anabeba kichwani lugha ambazo msomi wa chuo kikuu cha Ulaya hujifunza kwa miaka. Huo ni utajiri wa asili kama ilivyo nikeli ya Kabanga. Na kama nikeli, ukiuzwa ghafi na kwa papara utatajirisha wengine.

Kwa hiyo hatusemi kwamba vijana waiache kazi hii. Tunasema waifanye macho yakiwa wazi, na tunaona mambo manne ambayo ni lazima yaelezwe bila ya kuficha.

Jambo la kwanza ni sheria ya mahali ulipo. Vijana wengi huamini kwamba kazi iliyo katika kompyuta haina nchi. Kwamba kwa kuwa tajiri yuko Marekani na fedha zinatoka Marekani, basi wenyeji wa nchi waliyomo hawahusiki. Hilo ni kosa. Serikali nyingi haziulizi tajiri yuko wapi. Huuliza mwili wa mfanyakazi umeketi wapi. Nchini Uingereza mwanafunzi wa kigeni wa chuo kikuu kwa kawaida huruhusiwa kuajiriwa kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki katika muhula wa masomo, lakini haruhusiwi kabisa kujiajiri. Na kibarua wa intaneti, mbele ya sheria, ni mtu aliyejiajiri. Marekani nayo humkataza mwenye viza ya masomo kufanya kazi nje ya chuo bila ya idhini. Kanada imeweka kikomo cha saa 24 kwa wiki tangu Novemba 2024. India nayo haitoi viza ya masomo kwa ajili ya kufanya kazi. Kijana anayevunja masharti hayo kwa ajili ya dola 50 anahatarisha masomo ya miaka minne, pamoja na ng'ombe wa baba yake.

Zipo nchi zilizofungua mlango. Estonia na Mauritius zilianza mwaka 2020, na Namibia mwaka 2022, kutoa vibali maalumu kwa wageni wanaofanya kazi za nje kwa njia ya intaneti. Kenya ilitangaza kibali cha namna hiyo mwezi Oktoba 2024. Lakini msomaji atazame vizuri masharti yake: vibali hivi humtaka mgeni aonyeshe kwamba tayari ana kipato cha kumtosha kutoka nje. Vimeandaliwa kwa mtu anayefika na kazi yake na kuleta fedha zake, wala havimfai kijana anayekwenda kuitafuta huko huko. Mlango uko wazi, lakini kizingiti chake ni kirefu kwa mtoto wa mkulima.

Sambamba na kibali kuna kodi. Katika sheria yetu, mtu aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huhesabiwa kuwa mkazi kwa ajili ya kodi ya mapato, na nchi nyingi zina kanuni inayofanana na hiyo. Tanzania ina mikataba na nchi chache tu, zikiwamo India na Afrika Kusini, ya kuzuia mtu mmoja kutozwa kodi mara mbili kwa pato moja. Anayetaka kuishi nje kwa kazi hii ajue mapema atalipa wapi, na aweke kumbukumbu ya kila alichopokea.

Jambo la pili ni bei ya kazi na njia ya malipo. Mwezi Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa kampuni ya Sama mjini Nairobi walivyotumika kusoma na kupanga maandishi machafu, ya mauaji na ya kudhalilisha watoto, ili mashine ya kampuni ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Mkataba kati ya kampuni hizo mbili ulitaja dola 12.50 kwa saa; mfanyakazi aliondoka na kati ya dola 1.32 na dola 2. Sama ilijibu kwamba ile 12.50 ilijumuisha gharama zote za uendeshaji. Yawezekana, kila mwenye shamba la mkonge naye alikuwa na gharama zake. Lakini tofauti hiyo inaonyesha kazi inavyomwagika njiani kama maji katika mtungi wenye ufa, na aliye mwisho wa foleni hupata matone.

Hata matone hayo yana shida ya kufika. Kwa miaka mingi mtu aliyeko Tanzania aliweza kulipa kwa PayPal lakini hakuweza kupokea malipo kwa njia hiyo. Ikambidi atumie akaunti ya rafiki aliyeko nchi nyingine. Hapo ndipo ujira wa mtu unapoingia mikononi mwa mtu wa pili, bila ya maandishi na bila ya shahidi. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu jambo la kuandika deni na kuweka mashahidi. Tulifundishwa pia kuwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mafunzo hayo hayana dini pale kazi inapohusika. Kibarua asiyekuwa na maandishi ya makubaliano, tarehe, kiasi na jina la mlipaji, amejinyima silaha yake ya kwanza.

Jambo la tatu ni swali la nani mwajiri. Hapa tena Nairobi inatupa somo. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alihamia Kenya kufanya kazi ya kuchuja maandishi na picha za Facebook chini ya kampuni ya Sama. Alifukuzwa baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake, na mwezi Mei 2022 akafungua shauri dhidi ya Sama na dhidi ya Meta, mwenye Facebook. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, kwa kuwa haina makao huko. Mwezi Februari 2023 mahakama ya kazi ilikataa hoja hiyo. Wachujaji wengine zaidi ya 180 walifungua shauri la pili mwaka huo huo baada ya kuachishwa kazi. Na mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba Meta yaweza kushitakiwa nchini Kenya. Miongoni mwa walioachishwa walikuwamo watu wa Ethiopia, Uganda na nchi nyingine, ambao vibali vyao vya kukaa vilifungamana na kazi ile ile waliyoipoteza. Kwao kupoteza ujira kulikuwa pia kupoteza haki ya kukaa.

Watu hawa waliajiriwa kwa mikataba, nao imewachukua miaka kupigania tu haki ya kusikilizwa. Je, kibarua asiyekuwa na mkataba atasimama wapi? Mwezi Machi 2024 mtandao wa vibarua uitwao Remotasks ulifunga kazi zake nchini Kenya kwa taarifa ya ghafla. Watu walilala wakiwa na kazi, wakaamka hawana. Na hapakuwa na ofisi ya kwenda kuulizia. Lakini pia tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama chao. Huu ndio mwanzo wa kambi ya manamba kuwasha moto na kuonana nyuso.

Jambo la nne ndilo lililomleta mzee wetu ofisini, nalo ni la kutisha. Tangu mwaka 2022 zimetoka habari za vijana wa Afrika Mashariki walioahidiwa kazi za kompyuta Thailand, wakapokewa uwanja wa ndege, wakavushwa mpaka kwa siri na kuingizwa Myanmar katika majumba yenye kuta na walinzi. Kazi waliyoikuta ni kuwatapeli watu kwa njia ya intaneti, usiku na mchana, chini ya kipigo. Serikali ya Kenya ililazimika kuwaokoa raia wake na kutoa maonyo. Mwezi Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wameshikiliwa kwa kazi hizo Myanmar, na wapatao 100,000 Kambodia. Mapema mwaka 2025 maelfu walitolewa katika majumba hayo karibu na mji wa Myawaddy, wakiwamo Waafrika.

Dalili za mtego huu zinafanana. Kazi haitaji ujuzi maalumu, lakini mshahara ni mkubwa. Mwajiri hana anwani inayoweza kukaguliwa. Mwombaji huambiwa asafiri kwa viza ya utalii, kisha "mambo yatanyooshwa huko huko". Na hapa tunauliza swali ambalo lingetosha kumwokoa mtu: ikiwa kweli kazi ni ya intaneti, kwa nini inamlazimu mfanyakazi asafirishwe? Faida ya kazi ya intaneti ni kwamba yeyote aweza kuifanya akiwa alipo. Anayetaka mwili wako uvuke mpaka anautaka mwili wenyewe.

Baada ya kusema ya ugenini, tutazame nyumbani, maana mwenye kudai haki kwa jirani hana budi kuonyesha mlango wake ulivyo. Sisi wa Ngara tunajua maana ya kupokea mgeni. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka mji mkubwa kwa usiku mmoja. Lukole ilipokea Warundi kwa miaka mingi baada ya hapo. Mwaka 1995 Radio Kwizera ilianzishwa hapa Ngara kwa ajili ya kusema na wakimbizi hao. Leo makambi yako Kigoma, na ndani yake wamo vijana waliomaliza masomo, wenye Kifaransa, Kirundi na Kiswahili, ambao wangeweza kufanya kazi ya tafsiri bila ya kumnyang'anya Mtanzania hata jembe moja.

Sheria zetu kuhusu jambo hili ni kali, na zina sababu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa. Sheria ya Ajira za Wageni ya mwaka 2015 humkataza asiye raia kufanya kazi bila ya kibali. Mwezi Julai 2025 Serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Tunaiunga mkono nia ya kumlinda mchuuzi mdogo, kwa sababu kibanda cha Mtanzania hakina nguvu ya kushindana na mtaji wa kigeni. Lakini kibarua wa intaneti haketi kibandani. Soko lake liko nje, na fedha zake zinaingia nchini kutoka nje, akanunue ndizi za Kibimba na vocha za simu za Kibimba. Sheria zilizoandikwa kwa ajili ya duka na karakana hazijamtaja waziwazi, na asiyetajwa huishi kwa hofu. Kenya, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, imeanza kupanua nafasi ya mkimbizi kufanya kazi, na huko Kakuma na Dadaab mashirika ya kimataifa yamewafundisha wakimbizi kutafuta kazi kwa intaneti. Si lazima tuige kila wafanyalo majirani, lakini kulitazama na kulipima ni busara. Tukitaka mtoto wetu aliyeko Pune au Kampala afanyiwe uungwana, ni haki nasi tufikirie mtoto wa Ruyigi aliyeko kambini.

Basi lifanyike nini? Hatutaki kumaliza kwa kulia.

Kijana aliyeko nje, au anayejiandaa kwenda, asome masharti ya viza yake kabla ya kusoma tangazo la kazi. Asilipe ada ili apewe kazi. Anayefanya kazi ndiye hulipwa. Aombe makubaliano kwa maandishi, afanye kipande kidogo kwanza na kulipwa kabla ya kukubali kikubwa, na asiruhusu ujira wa miezi ulimbikizwe katika mtandao asioujua. Asimkopeshe mtu jina lake wala akaunti yake, maana likitokea kosa ni jina lake litakaloitwa.

Mzazi naye asiuze mali kwa sauti ya simu. Kabla ya kumpa wakala fedha, aulize kama wakala huyo amesajiliwa, na aulize kwa TaESA, ofisi ya umma ya huduma za ajira. Ikionekana dalili ya mtego, polisi waelezwe. Tunayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2008, na sheria isiyopelekewa taarifa haiwezi kumwokoa mtu.

Matawi ya Chama na serikali za vijiji zisiendelee kuwa kama tulivyokuwa sisi siku alipofika mzee. Ofisi inayojua idadi ya mbuzi waliochanjwa yaweza pia kujua vijana wangapi wako nje, katika nchi gani, na nani wa kupigiwa simu likitokea jambo. Walimu wa sekondari za kata wafundishe, pamoja na kompyuta yenyewe, namna ya kusoma mkataba. Umeme wa Rusumo, wa megawati 80, unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, usiishie kuwasha taa za baa tu.

Jambo kubwa kuliko yote ni ushirika. Wakulima wa kahawa wa Bukoba hawakupata nafuu kwa kila mmoja kubishana peke yake na mnunuzi. Walipata nafuu walipojiunga na kuuza kwa pamoja. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haisemi kwamba ushirika ni wa mazao ya shambani peke yake. Vijana 20 wenye Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, wakijisajili, wakiwa na akaunti moja ya benki, hesabu moja inayokaguliwa na bei moja wasiyoishusha, wataweza kuandika mkataba na kampuni ya nje kama kundi linaloheshimiwa. Aliyeko Kampala na aliyebaki Kibimba wanaweza kuwa wanachama wa ushirika mmoja. Hiyo ndiyo kujitegemea kwa maana iliyokusudiwa mwaka 1967.

Kwa Serikali tunasema hivi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliandikwa kabla kazi hii haijaingia vijijini. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maelekezo ya kuwalinda wanaofanya kazi kupitia mitandao, na mwezi Juni 2025 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva uliamua kwamba mkataba wa kimataifa juu ya kazi hizo utungwe. Tanzania ipeleke humo sauti ya mfanyakazi na si ya mwenye mtandao peke yake. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Itifaki yake ya Soko la Pamoja inatumika tangu tarehe 1 Julai 2010, itamke wazi kama mwananchi wa nchi mwanachama aweza kukaa katika nchi nyingine ya Jumuiya akifanya kibarua cha intaneti, kwa kibali gani na kwa kodi ipi. Kampuni moja ya nje ikiziona nchi nane zenye kanuni nane, itachagua iliyo dhaifu.

Mzee alirudi baada ya wiki, kama tulivyopatana. Tulimwambia: ng'ombe asiuzwe. Tulimweleza habari za Myawaddy, tukampigia simu kijana mbele yake, nasi tukazungumza naye. Kijana alikasirika. Alisema tunamzuia bahati yake, na kwamba sisi wa vijijini hatuijui dunia. Hatukumlaumu, mtu aliyedhulumiwa ujira wa mwezi mzima ana haki ya kukasirika, na hakuwa na mwingine wa kumkasirikia. Hata leo hajaenda Thailand. Yuko masomoni, na ujira wake wa mwezi wa pili haujalipwa.

Deni hilo dogo, la kijana mmoja, halina mahakama inayolijua wala ofisi inayoliandika. Sisi tumeliandika hapa, ili lisisemwe halikuwapo. Siku litakapokuwa na mahali pa kudaiwa, ndipo tutakapoweza kusema kwamba enzi ya manamba imekwisha.